Ukitibiwa saratani, uliza dozi ni ya siku ngapi

Mgonjwa wa saratani anapotafutiwa hospitali, jambo la kwanza ambalo jamaa zake huuliza ni kama hospitali hiyo ina mashine za kisasa na madaktari bingwa. Si swali baya. Lakini leo, mpenzi msomaji, tutazame kisa cha hospitali iliyokuwa na vyote hivyo na bado mgonjwa akafa kutokana na dawa iliyokusudiwa kumponya.

Hospitali yenyewe ni Dana-Farber, iliyoko Boston, Marekani, mojawapo ya hospitali za saratani zinazosifika zaidi duniani. Mwishoni mwa mwaka wa 1994 ilikuwa ikimtibu Betsy Lehman, mama wa umri wa miaka 39 aliyekuwa mwandishi wa habari za afya katika gazeti la Boston Globe. Alikuwa na saratani ya matiti, na alikubali kuingia katika utafiti uliotumia dozi kubwa kuliko zile za kawaida.

Ili uelewe kilichotokea, fahamu kwanza jinsi dozi hizi zinavyopimwa. Dawa za saratani, tiba ambayo wengi huiita kemotherapi, hazitolewi kama Panadol, mbili asubuhi na mbili jioni. Daktari huchukua kimo na uzani wako, akapiga hesabu ya ukubwa wa mwili kwa mita za mraba, kisha kila mita ikapangiwa kiasi chake. Dawa hizi huua chembechembe za saratani, lakini hushambulia pia zile nzima, kwa hivyo nafasi iliyopo kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni nyembamba mno. Ndiyo maana unapaswa kupimwa uzani kila unaporudi kwa tiba. Ukiona hujapandishwa kwenye mizani, uliza.

Bi Lehman alistahili kupewa dawa iitwayo saiklofosfamidi, gramu 4 kwa kila mita ya mraba, zikigawanywa kwa siku nne. Yaani gramu moja kila siku. Badala yake akaandikiwa gramu 4 kila siku. Famasia ikatoa, wauguzi wakatundika dripu, na jambo hilo likaendelea siku nne mfululizo, hivi kwamba alipata mara nne ya dozi aliyopangiwa. Saiklofosfamidi ikizidi kiasi hicho huharibu moyo. Alifariki Desemba 3, 1994. Mgonjwa mwingine aliyepewa dozi kama hiyo alinusurika, ila moyo wake uliumia.

Aliyefichua kosa hilo hakuwa daktari. Lilijulikana Februari 1995, wakati karani aliyekuwa akinakili takwimu za utafiti alipoona tarakimu hazilingani.

Sasa, wengi wetu tukisikia kisa kama hiki husema aliyekosa afutwe kazi, mambo yaishe. Wapo walioadhibiwa. Hata hivyo, agizo lile lilipita katika mikono mingi, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kudhani aliyemtangulia amehakikisha. Tena katika wodi iliyozoea dozi kubwa za utafiti, tarakimu kubwa haikumshtua mtu. Umfute daktari mmoja leo, kesho mwingine atasimama pale pale na kuandika vile vile.

Kwa hivyo Dana-Farber ililazimika kubadili utaratibu wenyewe. Maagizo ya dawa yakaingizwa katika kompyuta zenye kikomo cha dozi (nasi madaktari na mwandiko wetu tulihitaji msaada huo zamani!). Sheria za kukagua dozi kubwa zikakazwa kabla dawa haijamfikia mgonjwa. Kisha wakafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko kompyuta: waliwaketisha wagonjwa na jamaa zao katika kamati za hospitali, na mwaka wa 1998 wakaunda baraza lao rasmi. Mnamo 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba makosa ya kitabibu yaliwaua watu kati ya 44,000 na 98,000 kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo, na kisa cha Bi Lehman kimetajwa mwanzoni kabisa. Mwaka wa 2008 jimbo la Massachusetts likatunga sheria ya kuitaka kila hospitali iwe na baraza kama hilo.

Utasema hayo ni ya Marekani. Lakini saiklofosfamidi ni ile ile inayotumiwa hapa kwetu kutibu saratani ya matiti, na siku hizi tiba hii haitolewi Nairobi pekee. Vituo vipo Eldoret, Mombasa, Nakuru na Garissa. Isitoshe, mara nyingi jamaa hutumwa duka la dawa la nje kununua kinachokosekana wodini, na hapo mkono mwingine umeongezeka katika safari ya dozi.

Basi nunua daftari dogo. Mwombe daktari akuandikie majina ya dawa, dozi ya kila siku, idadi ya siku, na jumla ya mzunguko mzima. Dripu inapoletwa, mwombe muuguzi asome jina lako na lile la dawa kwa sauti, nawe ulinganishe na daftari. Usimwonee haya, muuguzi mzuri atashukuru. Uliza pia kama damu yako imepimwa kabla ya mzunguko huu, na kama majibu yametoka. Ukiwa dhaifu, mpe jamaa yako kazi hiyo.

Nawe jamaa, mgonjwa akikwambia kwamba safari hii anajisikia tofauti kabisa, usiridhike na jibu kwamba kutapika ni kawaida ya dawa hizi. Mwombe daktari afungue faili mbele yenu na akague dozi upya. Mkiwa nyumbani, joto la mwili likifika nyuzi 38, msingoje kupambazuke. Nendeni hospitali usiku huo huo, na daftari mlibebe, kwani daktari wa zamu huenda hajawahi kumwona mgonjwa wenu.