KITAMBAA CHA KUOSHEA VYOMBO: RAFIKI AU ADUI?

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nawaletea somo tulilolipata katika maabara yetu.

Mama yangu huuza chai na mandazi kando ya barabara. Mwalimu wa Biolojia alipotuagiza tulete vitambaa vya kuoshea vyombo, nilikibeba chetu kwa maringo. Mama ni msafi, mtaa mzima unajua.

Bakteria ni viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho matupu. Hupenda unyevu, joto na mabaki ya chakula. Mambo yakiwa mazuri, baadhi yao hugawanyika kila dakika 20. Yaani mmoja akianza saa mbili asubuhi, ifikapo saa tano wamekuwa 512!

Tulichemsha maziwa, yakapoa, tukayatia katika neli nne za kioo. Tukadondosha rangi iitwayo methilini buluu. Bakteria wakiimaliza oksijeni iliyomo, rangi hiyo hupotea na maziwa huwa meupe. Neli ya kwanza tulitia kipande cha kitambaa chetu kama kilivyo. Ya pili, kipande kilichochemshwa dakika 10. Ya tatu, kipande kilichotoka kwenye jiki. Ya nne hatukutia kitu, iwe ya kulinganishia. Zote tukaziweka katika maji ya vuguvugu.

Lo! Neli ya jiki ikawa nyeupe kwanza. Tukapiga kelele, "Jiki ni bure!" Mwalimu hakubishana nasi. Alitia rangi katika maji matupu, akadondosha jiki. Rangi ikatoweka papo hapo. Akauliza, "Na haya maji yana bakteria?" Tukanyamaza. Kumbe jiki yenyewe ndiyo iliyoila rangi! Tulirudia, safari hii tukikisuuza kipande kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Kikabaki buluu.

Lakini neli ya kitambaa chetu ilikuwa nyeupe kabla ya kengele ya chakula cha mchana. Ile ya kilichochemshwa na ile tupu zilikuwa bado buluu. Niliinamisha kichwa.

Jioni nilimweleza mama. Akaacha kukanda unga. "Kwani wasema nawalisha watu uchafu?"

"La, mama. Si wewe, ni unyevu. Kitambaa hakikauki."

Ni kweli jaribio halikutuonyesha ni bakteria wa aina gani, na si wote wanaoleta maradhi. Hata hivyo mama aliteleka sufuria, tukakichemsha pamoja. Siku hizi ana vitambaa viwili: kimoja mkononi, kingine kwenye kamba juani.

Wenzangu, nimejifunza mawili. Kitu kikinukia sabuni si lazima kiwe safi. Tena, usiharakishe kutoa hukumu kabla hujajua kilichobadilisha rangi. Kinga ni bora kuliko tiba. Nendeni mkavichemshe vyenu!