Mji Ukikua, Tupime Kabla ya Kuchimba

Tukiambiwa tuandike insha juu ya kukua kwa miji, wengi wetu hukimbilia Nairobi. Mimi naona somo hili liko hapa hapa Kimilili. Hebu tulitazame.

Kwanza, makazi. Sensa ya 1999 ilihesabu Wakenya milioni 28.7, ile ya 2019 ikahesabu milioni 47.6, na katika Kaunti yetu ya Bungoma watu 1,670,570. Ardhi nayo haikuongezeka hata inchi. Ndiyo maana shamba la mahindi au kahawa lililo karibu na mji hukatwa ploti, aghalabu za futi 50 kwa 100. Landilodi hujenga vyumba vya kupangisha, akachimba kisima na choo cha shimo papo hapo.

Pili, miundombinu. Wataalamu wa afya hushauri kisima kiwe mbali na choo kwa mita 30 au zaidi. Haya, chukua rula, mwenzangu! Futi 100 ni kama mita 30, na futi 50 ni kama mita 15. Kwa hivyo kisima kikiwa mwanzo wa ploti, choo sharti kiwe mwisho kabisa. Sawa, lakini jirani je? Akichimba choo chake nyuma ya ua wako, kiko hatua chache tu kutoka kisimani mwako. Hata uwe msafi namna gani, uchafu wake hupenya udongoni ukafika kwenye maji yako. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia hiyo.

Tatu, mazingira. Mabati na saruji havinywi maji. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita mraba 100, lita 1,000 hushuka. Pasipo mitaro, maji hayo husomba takataka hadi mitoni, yakaingia Mto Nzoia na hatimaye Ziwa Viktoria.

Jamani, watu kuongezeka si kosa. Kosa ni nyumba kutangulia bomba. Nafasi ya barabara, mitaro na mabomba ya majitaka itengwe kabla ploti hazijauzwa. Kwa sasa, majirani wapatane vyoo viwe upande gani na visima upande gani, na maji ya kunywa yachemshwe. Tumekubali kuwa mji, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.