Vita Huisha, Sumu Hubaki

Tarehe 11 Julai, 1915, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilishindwa ndani ya delta ya Rufiji na manowari mbili za Kiingereza, Severn na Mersey. Nahodha wake, Max Looff, akaamuru ilipuliwe, nayo ikazama matopeni. Mizinga yake kumi iling'olewa ikaburutwa kwenda kupigana bara. Twaikumbuka leo, si kwa kusifu vita, bali kwa kuuliza: vita vikiisha, vitu vyake huenda wapi?

Wazee husema: mwenye kovu usidhani amepoa. Ndivyo ilivyo ardhi. Chuma huliwa na kutu, lakini risasi na aseniki haziozi, wala moto hauzimalizi. Karibu na Verdun, Ufaransa, makombora ya gesi yaliyosalia katika Vita Kuu ya Kwanza yalichomwa miaka ya 1920. Mwaka 2007 wataalamu walieleza kwamba udongo wa mahali hapo ungali umejaa aseniki, hata majani yaota kwa shida. Huko Vietnam, majeshi ya Marekani yalimwaga dawa ya kukausha misitu tangu 1961 hata 1971. Katika miji ya Da Nang na Bien Hoa, mahali mapipa yalipowekwa, sumu ya dayoksini ilishika udongo na matope ya mabwawa, na watu wakala samaki wa humo. Kuusafisha uwanja wa ndege wa Da Nang kulianza mwaka 2012, kukamalizika 2018. Watoto wa siku za vita walikuwa wamekuwa wazee.

Msomaji atasema: hayo ni ya mbali. La, sivyo. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba DDT huua wadudu. Majeshi ya Vita Kuu ya Pili yaliitumia sana. Mjini Naples raia walinyunyiziwa ili kuzuia homa ya chawa. Hatukatai, iliokoa watu wengi. Lakini amani ilipokuja, dawa hiyo ikaingia mashambani duniani kote, mara nyingi bila kipimo. Katika Mkoa wetu wa Pwani, huko Vikuge, Kibaha, shehena ya dawa za wadudu zilizochakaa ilirundikwa katika shamba la serikali. Banda likaanguka, dawa zikaingia ardhini, na miaka mingi baadaye wataalamu wakaikuta DDT katika udongo.

Na tuelewe jinsi sumu ya namna hii itendavyo kazi. Haipendi maji; hupenda matope na mafuta. Hushika tope, mdudu akala tope, kamba akamla mdudu, samaki akamla kamba, na mtu akala wote wawili. Kila hatua sumu huongezeka, mpaka hukutwa katika maziwa ya mama. Delta yetu, yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine po pote Afrika Mashariki, ni nchi ya matope. Kwa hiyo atakayemwaga sumu mtoni ili kuvua kamba haibi tu samaki wa leo. Awalisha sumu watoto wake mwenyewe. Ndiyo maana Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza jambo hilo.

Basi tufanyeje? Mji wa Kibiti wakua, na maduka ya pembejeo ni sehemu ya maisha yetu. Kopo la dawa lisifanywe chombo cha maji wala cha mafuta ya kula. Dawa iliyokwisha muda wake isifukiwe nyuma ya nyumba, bali apewe habari bwana shamba. Mtoto akiokota chuma asichokijua, akiache hapo hapo na kumwita mkubwa.

Waliopigana mwaka 1915 hawakutuuliza. Wajukuu wetu nao hawawezi kutuuliza leo. Twawajibu kwa matendo yetu.