Mzio wa karanga: nimlindeje binti yangu?

SWALI: Binti yangu ana miaka mitatu. Juzi daktari alithibitisha kuwa ana mzio wa karanga. Sasa naogopa hata kumpeleka kwa bibi yake. Nifanyeje?
Mama, Morogoro

JIBU: Pole sana, mama. Usimfungie mtoto ndani, lakini fungua macho, maana kwetu karanga hujificha. Unga wa lishe wa dukani mara nyingi huwa nazo, mchicha na kisamvu huungwa nazo, kashata ndiyo usiseme. Ukisagisha unga wako, kumbuka mashine ya mtaani huenda imetoka kusaga karanga za jirani. Bibi naye aelezwe, na daktari ikibidi: wazee wengi huamini kidogo hakidhuru, kumbe punje moja yaweza kumlaza wodini.

Akivimba midomo au ulimi, akipumua kwa shida, akitapika mfululizo au akilegea, mkimbize hospitali hapo hapo. Kinachookoa ni sindano ya adrenalini pajani. Vidonge vya mzio hupunguza muwasho tu. Muulize daktari mapema sindano hiyo inapatikana wapi.

Takribani mtoto mmoja kati ya watano huachana na mzio huu akikua. Apimwe tena baadaye, ila hospitalini, usimjaribu nyumbani.