Mwajiri, Mabadiliko ya Sheria Unayasikia Wapi?

Uwe na duka River Road, hoteli Kangemi au yaya mmoja nyumbani Lavington, wewe ni mwajiri, na sheria za leba zinakuhusu. Wengi hawakosei kwa kukusudia. Wanakosea kwa kusikia habari nusu.

Mfano: tozo ya nyumba

Tozo hii ilianza Julai 2023: mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Novemba 28, 2023, Mahakama Kuu iliamua kwamba inakiuka Katiba. Aliyesikia hayo tu angeacha kukata siku hiyo. Lakini majaji hao hao walisitisha utekelezaji wa uamuzi wao hadi Januari 10, 2024, na makato yakaendelea. Januari 26, Mahakama ya Rufaa ilikataa kuendeleza usitishaji huo, tozo ikasimama. Machi 19, Rais alitia saini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, na tozo ikarudi.

Kwa hivyo, kila unaposikia badiliko, jiulize: Ni nini hasa kimebadilika? Kinaanza tarehe gani? Je, kuna agizo la mahakama linalokizuia?

Tangazo si sheria

Mei 1, 2024, Rais alitangaza nyongeza ya asilimia 6 ya kima cha chini cha mshahara. Agizo lenyewe lilianza kutumika Novemba 1. Kuanzia tarehe hiyo, kibarua wa kawaida au mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi hakupaswa kulipwa chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba.

Maagizo kama haya huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka kila Ijumaa. Sheria na hukumu zinasomwa bila malipo katika tovuti ya Kenya Law. Ukikwama, muulize afisa wa leba, au Shirikisho la Waajiri, FKE, lililo Waajiri House, barabara ya Argwings Kodhek.

Kalenda ya mwajiri

Februari: angalia viwango vya NSSF. Tangu 2023 vimekuwa vikipanda kila Februari.
Mei: sikiliza tangazo la Leba Dei, kisha subiri agizo lichapishwe.
Julai: soma Sheria ya Fedha, ikiwa imepitishwa.
Kila mwezi: wasilisha makato kwa wakati. Tangu Oktoba 2024, mchango wa SHA ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, badala ya ule wa NHIF. Pesa zikikatwa na zisifike, mfanyakazi anaweza kufika hospitalini na mtoto mgonjwa akakuta bima yake haifanyi kazi. Tozo ya nyumba ikichelewa, unatozwa adhabu ya asilimia 3 ya deni kila mwezi.

Masharti ya kazi yakibadilika, shauriana na mfanyakazi, rekebisha mkataba na umjulishe kwa maandishi.

Zoezi

Chukua hati za mshahara za mwezi uliopita. Kwa kila makato, andika kando jina la sheria inayoyaruhusu, kiwango na tarehe kilipoanza. Mstari utakaokushinda kuujaza ndio wa kumpelekea afisa wa leba wiki hii.