Tangawizi kavu inawasha kuliko mbichi?

Swali: Nanunua tangawizi Kariakoo. Kwa nini kavu inawasha zaidi? Na wataalamu huzitoaje kemikali zake?

Jibu: Ndugu yangu, ulimi wako haujakosea. Tangawizi mbichi ina jinjeroli. Ikikaushwa kwa joto, sehemu ya jinjeroli hugeuka shogaoli, na hiyo ndiyo kali zaidi. Ni kemikali nyingine kabisa.

Maabarani, unga wa tangawizi hulowekwa kwenye ethanoli, huchujwa, kisha ethanoli huvukizwa kwa joto dogo. Hubaki utomvu wa kahawia, mzito kama asali. Tone lake huwekwa kwenye kibao cha silika. Kibao husimamishwa kwenye kimiminika, na kimiminika kinapopanda taratibu, kemikali huachana, kila moja na doa lake.

Muhimbili, si mbali na hapo sokoni, Taasisi ya Tiba Asili huchunguza mimea yetu kwa njia kama hizi.

Joto si la kuchezea, maana likizidi huweza kuharibu kemikali unayoitafuta. Mchina Tu Youyou aliipata artemisinini, dawa ya malaria, alipoacha kuchemsha majani ya mmea wenye dawa hiyo, akatumia etha. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Ukiona tangawizi kavu ina ukungu, iache palepale mezani kwa muuzaji. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha chai.