SOMO LA MWEZI: SIMU YA MKONONI NA SIRI ZA WATU



Kwetu mtu haingii nyumbani mwa mwenzake bila kupiga hodi. Hata mlango ukiwa wazi, mgeni husimama nje mpaka aitikiwe karibu. Simu ya mkononi nayo ni mlango wa nyumba, na wengi wetu tumeuacha wazi usiku na mchana. Katika somo hili tutazame mambo matatu.

1. Yaliyomo ndani ya simu

Zamani barua zilikaa sandukuni, fedha zilifichwa mahali pake, na picha zilitundikwa ukutani. Siku hizi vyote vimo katika kitu kinachoenea kiganjani. Tena simu ikiwa imewashwa huwasiliana na mnara ulio karibu. Kwa hiyo kampuni ya simu yaweza kujua mwenye simu yuko sehemu gani, amempigia nani, na saa ngapi.

2. Wanaoingia bila hodi

(a) Matapeli. Nani kati yetu hajapata ujumbe wa kumwambia kwamba zile fedha azitume kwenye namba hii? Tapeli hatujui. Amewaandikia watu wengi, akitumaini kumpata mmoja aliyekuwa karibu kumtumia mtu fedha. Mwingine hupiga akijifanya mfanyakazi wa kampuni, akaomba namba ya siri. Mfanyakazi wa kweli haihitaji namba hiyo. Hapa Tanzania ujumbe wa kitapeli hupelekwa namba 15040.

(b) Programu za mikopo. Baadhi yake huomba kwanza ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo simuni. Mkopaji akichelewa kulipa, huandikiwa ndugu zake, jirani zake, hata mwajiri wake. Hivyo aibu huwafikia watu wasiokopa hata senti. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

(c) Ndugu na marafiki. Mgonjwa amelala hospitalini. Picha yake yapigwa na kupelekwa katika kundi la WhatsApp la kwaya, pamoja na jina la ugonjwa wake. Nia ni njema, aombewe. Lakini je, yeye mwenyewe aliulizwa? Kesho picha ile i mikononi mwa watu asiowajua, wala hairudi.

3. Wajibu wetu

Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, yampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata hivyo sheria haikai mfukoni pamoja na simu. Hatuna budi kulinda wenyewe.

Zaidi ya yote tuwafikirie wazee. Sisi tuliofundisha vijijini tuliletewa barua tuwasomee wazazi wasiojua kusoma. Tulisoma, tukaandika jibu, tukanyamaza. Kama mwalimu angeyatoa yale kilabuni, nani angemletea barua tena? Leo mjukuu ndiye anayemsindikiza bibi kwa wakala, naye aijua namba yake ya siri. Hiyo ni amana kubwa, nayo imewahi kugombanisha nyumba nyingi fedha zilipopungua. Afadhali bibi afundishwe kubonyeza mwenyewe. Hata asiyejua kusoma aweza kukariri kwa kidole mahali zilipo tarakimu nne, akizoezwa kidogo kila siku.

Mazoezi ya nyumbani

1. Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu iliyoisajili ifungwe.
2. Funga simu yako kwa namba ya siri, wala isiwe mwaka uliozaliwa.
3. Tazama ni programu zipi zimeruhusiwa kusoma majina na kujua mahali ulipo. Isiyo na sababu, iondolee ruhusa.

Maswali ya kujadiliana

1. Tunapotaka mgonjwa aombewe, ni maneno gani yatosha bila kutoa siri yake?
2. Nyumbani mwako, nani ajuaye namba ya siri ya mzee, na kwa nini?